Waraka kwa Wanachama: Fedha ya Mpira Inafuata Karatasi

Kwa wanachama wote wa klabu, wazee walezi, wachezaji wa timu ya wakubwa na ya vijana, na wazazi wa wanafunzi wanaotuchezea

Yah: Usajili wa wachezaji, makubaliano ya maandishi na ratiba ya ligi yetu ya kiangazi

Ndugu wanachama,

Najua wengi bado mko kwenye kupukuchua mahindi na wengine mnasikilizia bei, lakini kamati imeniagiza niwaandikie kabla ligi yetu ya kiangazi haijaanza, kwa sababu tutakayoamua mwaka huu yatawahusu watoto ambao leo wana miaka 12 tu.

Kuna swali ambalo kamati inaulizwa kila mara, na wanaouliza ni watu wenye uchungu na timu hii: mbona mpira siku hizi una mabilioni, na sisi wa kijiji cha Mpitimbi, Songea, bado tunachangishana hela ya mipira miwili na chokaa ya kuchorea uwanja? Ni swali la haki. Nitalijibu kwa kirefu kidogo, maana jibu lake ndilo lililoifikisha kamati kwenye mapendekezo yaliyomo humu.

Fedha hizo zipo kweli. Mwaka 2013 Azam Media iliponunua haki za kuonyesha Ligi Kuu, Yanga iliupinga mkataba ule, na kwenye vijiwe watu walibishana kama kuna kampuni ya televisheni inayoweza kuulipa mpira wa nyumbani ukalipika. Mei 2021 ubishi ukaisha: shirikisho la soka nchini, TFF, na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mwaka huohuo Benki ya NBC ikaingia kuidhamini ligi, na mwaka 2023 ikasaini tena kwa miaka mitano, shilingi bilioni 32.6. Upande wa klabu zenyewe, mwaka 2022 Yanga ilisaini na SportPesa kwa zaidi ya bilioni 12 za miaka mitatu, na Simba ikasaini na M-Bet kwa zaidi ya bilioni 26 za miaka mitano. Kwa wazee wetu waliocheza enzi ambazo mchezaji alilipwa sabuni, nauli na sahani ya wali, tarakimu hizi ni za dunia nyingine.

Kamati haisemi kwamba fedha hizi ni mbaya. Mchezaji wa Ligi Kuu sasa anaweza kujenga nyumba akiwa bado anacheza. Yanga kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, au Simba kucheza robo fainali za Afrika msimu baada ya msimu, ni mambo ambayo mtu wa Songea aliyaona kwa macho yake kwa sababu kuna aliyelipia kamera. Na wanaosema mpira wa televisheni ni wa Dar es Salaam peke yake hawasemi kweli yote. Jirani zetu wa Ruangwa mkoani Lindi, wilaya ya wakulima wa korosho na ufuta, walipandisha Namungo Ligi Kuu mwaka 2019, na msimu wa 2020/21 timu hiyo ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho.

Lakini tuitazame Songea. Majimaji, Wanalizombe wetu, klabu iliyowahi kuwa bingwa wa Tanzania Bara, ilishuka daraja mwaka 2018 pamoja na Njombe Mji, na tangu hapo haijarudi Ligi Kuu. Wapo kati yenu waliokuwa wakipanda Noah alfajiri kutoka hapa kwenda Uwanja wa Majimaji kwa ajili ya mechi ya saa kumi jioni, wakarudi usiku na vumbi hadi kwenye kope. Hiyo haipo tena. Timu ya mkoa ulio zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam hulipia basi, mafuta, malazi na chakula cha watu zaidi ya 25 kila inapotoka nje ya nyumbani, na ikiyumba msimu mmoja kifedha, inayumba na uwanjani. Angalieni miaka: Majimaji ilishuka 2018, mkataba wa bilioni 225.6 ukasainiwa 2021. Fungu kubwa kuliko yote katika historia ya mpira wetu liligawanywa jina la Songea likiwa halimo kwenye orodha. Hakuna aliyetunyima. Mgao hutolewa kwa walioandikwa, na sisi hatukuwa tumeandikwa.

Niruhusuni niende mbali kidogo, hadi Marekani, kwa sababu huko jambo hili limefika mwisho wake, na sisi tunaweza kuliona kabla halijatufikia.

Marekani vyuo vikuu vinacheza mpira wao wa miguu, ule wanaovaa kofia ngumu na kukimbia na mpira mkononi, kwenye viwanja vikubwa, vingine vinavyochukua watu zaidi ya 100,000. Ni timu za wanafunzi. Kwa miaka mingi chama chao cha michezo ya vyuo, NCAA, ndicho kilichopanga mechi gani zionyeshwe na nani alipwe nini. Mwaka 1984 vyuo vya Oklahoma na Georgia vikashinda kesi katika Mahakama ya Juu ya nchi ile, na kuanzia hapo vyuo vikubwa na makundi yao ya ligi vikaanza kuuza haki zao vyenyewe. Mwaka 2022 kundi moja tu, Big Ten, lilisaini na televisheni tatu mkataba wa miaka saba wa zaidi ya dola bilioni 7. Kundi jingine, Pac-12, lililoanzishwa 1915, halikupata mkataba wa kuridhisha. Wanachama wake wakaondoka, na kufikia Agosti 2024 likabaki na vyuo viwili: Oregon State na Washington State. Washington State iko Pullman, mji mdogo katikati ya mashamba ya ngano. Timu yao haikuwa imeshuka daraja. Iliachwa kwa sababu mji wao una televisheni chache. Mtu wa Mpitimbi anawaelewa watu wa Pullman bila mkalimani.

Ndiyo maana kamati inaunga mkono utaratibu wetu wa Tanzania wa kuuza haki za ligi kwa pamoja, kupitia TFF na Bodi ya Ligi. Kila mara klabu kubwa inapolalamika kwamba inawabeba wadogo, mashabiki wake hupiga makofi, na wengi wenu ni mashabiki hao. Naomba siku hiyo mkumbuke mnaishi wapi. Siku kila klabu itakapouza mechi zake peke yake, Simba na Yanga zitatajirika, na timu yoyote itakayopanda kutoka mkoa wetu wa Ruvuma itakuta meza tupu.

Na wachezaji wenyewe wa vyuo vile? Hapa ndipo uchungu ulipo. Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar es Salaam, alichezea mpira wa kikapu Chuo Kikuu cha Connecticut hadi 2009, kwenye kumbi zilizojaa na mechi zilizoonyeshwa taifa zima. Kwa kanuni za wakati ule, mwanafunzi alipata masomo, chumba na chakula. Hakuruhusiwa kulipwa mshahara kwa kucheza, wala kuingiza fedha kwa jina na sura yake. Kocha alikuwa na mkataba, chuo kilikuwa na mkataba, televisheni ilikuwa na mkataba. Aliyetoka jasho hakuwa nao. Ilichukua kesi za miaka mingi kubadilisha hilo. Juni 2025 jaji aliidhinisha makubaliano yanayoruhusu kila chuo kuwagawia wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Maelfu ya vijana waliotangulia walikuwa wameshazeeka na magoti mabovu.

Sasa turudi nyumbani, kwenye daftari.

Klabu yetu ina daftari la wachezaji. Ni daftari la kawaida la shule, jalada limeshikwa na gundi ya karatasi, na humo mna majina ya utani mengi kuliko majina ya ubatizo. Mtu kaandikwa "Mido", mwingine "Dogo wa Lipaya". Tarehe ya kuzaliwa hakuna. Tarehe ya kujiunga hakuna. Kijana akipata timu Songea mjini, Njombe au Mbeya, anaondoka na begi lake na sisi tunamsindikiza kwa makofi hadi barabarani. Hakuna barua ya kumruhusu, hakuna nakala inayobaki, na miaka miwili baadaye hatuwezi kumthibitishia mtu yeyote kwamba alilelewa hapa.

Wakati huohuo kanuni za FIFA zinasema hivi: mchezaji anapouzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda klabu ya nchi nyingine, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inagawiwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Kwa kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15, klabu iliyokuwa naye hupata asilimia 0.25 ya ada yote. Kwa kila mwaka kuanzia 16 hadi 23, asilimia 0.5. Fanyeni hesabu pamoja nami. Kijana aliyesajiliwa kwetu tangu ana miaka 14 hadi 17 anatupatia asilimia 1.5. Akija kuuzwa nje kwa dola milioni moja, fungu letu ni dola 15,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 35. Na haki hiyo haiishi kwa uhamisho mmoja. Akiuzwa tena kutoka nchi moja kwenda nyingine, hesabu inafanyika upya. Tangu mwishoni mwa 2022 FIFA ina chombo maalumu cha kukusanya na kulipa fedha hizi, nacho kinafuata kumbukumbu za usajili za mchezaji, msimu kwa msimu, klabu kwa klabu. Klabu isiyoonekana kwenye kumbukumbu hizo haimo.

Mnamfahamu Mbwana Samatta. Alianzia Mbagala, akachezea African Lyon na Simba, mwaka 2011 akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, Januari 2016 Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 Aston Villa ya Uingereza kwa ada iliyotajwa kuzidi pauni milioni 8. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Piga asilimia 0.5 ya pauni milioni 8 kwa mwaka mmoja tu wa malezi: pauni 40,000. Kwa klabu ya mtaani hizo ni fedha za kununua kiwanja, kukizungushia ukuta na kuchimba kisima.

Sisemi kwamba Samatta mwingine yuko Mpitimbi. Huenda yupo, huenda hayupo. Ninachosema ni kwamba akiwepo, kwa jinsi daftari letu lilivyo, tutamwona kwenye televisheni kama watu baki.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kwamba kabla ya mechi ya kwanza ya kiangazi hiki, kila mchezaji wa miaka 12 na kuendelea asajiliwe kwa jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti, jina la mzazi au mlezi, shule anayosoma na tarehe ya kujiunga. Klabu nayo ilipie uanachama wake katika chama cha soka cha wilaya, na wachezaji wetu waingizwe kwenye mfumo wa usajili wa TFF, maana daftari letu pekee, hata likiandikwa kwa wino wa dhahabu, halisomwi FIFA. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, mzazi aanze kukifuatilia RITA sasa hivi. Msisubiri siku ya kuhitajika. Na tusidanganye umri. Timu inayopunguza miaka ya mtoto ili ishinde kombe la mbuzi inampa kijana huyo uongo utakaomfuata hadi mlango wa klabu kubwa na kumfungia hapo.

Wazazi, maneno haya ni yenu hasa. Kijiji chetu kiko kwenye njia ya kuelekea mpaka wa Msumbiji, na kila kiangazi wanapita watu wanaojiita mawakala. Mtu anakuja na simu nzuri na jezi mbili, anasema mtoto ana kipaji, kuna timu inamhitaji nje ya nchi, lete laki tatu za pasipoti. Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji wa chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizoorodheshwa, na ahadi ya wakala si mojawapo. Mtu wa namna hiyo akifika, mleteni kwa kamati na kwa mtendaji wa kijiji, aeleze mbele ya watu na aandike. Wengi hawatafika kwenye kuandika.

Na mtoto anayesoma aendelee kusoma. Michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, ndiyo ngazi zinazomfaa mwanafunzi, na mwalimu wa michezo ndiye mshirika wetu wa kwanza. Kamati haitampanga mwanafunzi kwenye mechi ya siku ya masomo, hata kama ni fainali na hata kama mfadhili yupo.

Kuhusu wafadhili pia tuna la kusema. Mwaka huu wamejitokeza watu wawili: mmoja anataka kurekodi mechi za kombe letu na kuzirusha mtandaoni, mwingine anataka kutupa jezi zenye nembo ya kampuni ya kubashiri. Huyu wa kwanza kamati inamkaribisha. Mnajua Ndondo Cup ya Dar es Salaam ilivyotoka kwenye viwanja vya mchanga vya mitaani ikawa jina la nchi nzima kwa nguvu ya redio na kamera. Mechi zetu ni mali yetu, nazo zina thamani hata kama ni ndogo. Ila iwe kwa maandishi: anarekodi mechi zipi, kwa muda gani, mapato yakipatikana yanagawanywaje, nani anabaki na nakala za video, ana leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, au hana, na watoto wataonyeshwa kwa ridhaa ya wazazi. Nakala za video tuzidai kwa nguvu zote. Kocha wa mbali hawezi kuja Mpitimbi, lakini video inaweza kumfikia.

Huyu wa pili, msimamo wangu na wa wajumbe wengi wa kamati ni kwamba jezi zake zisivaliwe na timu ya vijana. Sheria inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kubashiri. Hatuwezi kumfanya mtoto wa miaka 14 kuwa bango la kitu alichokatazwa. Mmeona wenyewe vijana wanaokesha na mikeka kwenye simu na kuuza debe la mahindi la mama asubuhi. Timu ya wakubwa mkutano uamue. Mkiamua kupokea, kumbukeni Kenya: mwaka 2017 SuperSport ilijiondoa kwenye ligi yao katikati ya mgogoro wa idadi ya timu, na 2019 SportPesa ikasitisha udhamini wake baada ya mvutano na serikali, Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki zikihangaika na mishahara. Klabu zenye majina makubwa namna ile ziliyumba kwa mfadhili mmoja kuondoka. Ada ya uanachama ya shilingi elfu moja kwa mwezi, mkiilipa, haina wa kuiondoa.

La mwisho ni ratiba. Uwanja wetu umepungua watu, na tunajua wako wapi: wako kwenye kibanda umiza, wamebanana kwenye mabenchi, shilingi mia tano mkononi, wanaangalia mechi kwa king'amuzi. Siwalaumu. Kariakoo Dabi ya Simba na Yanga ya Juni 25, 2025 ilipochezwa hatimaye, baada ya kuahirishwa tangu Machi, hakuna kijiji nchi hii kilichofanya jambo jingine. Hatuwezi kushindana na dabi. Tunachoweza ni kuacha kupanga mechi zetu saa kumi jioni siku ambazo Ligi Kuu inaonyeshwa saa hiyohiyo. Kamati inapendekeza mechi za vijana zichezwe Jumamosi asubuhi kabla jua halijakaza, na za wakubwa Jumapili saa nane mchana, mara ibada zinapokwisha, ili anayetaka kwenda kibandani jioni aende akiwa ameshaiona timu yake. Mwenye kibanda amekubali kutangaza mechi zetu kwa kipaza sauti chake Jumamosi nzima, nasi tutamwandikia barua ya shukrani.

Njia ya kupanda ipo, na ni ileile kwa kila timu nchini: ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, First League, Championship, kisha Ligi Kuu. Hakuna ngazi hata moja inayopandwa na timu isiyosajiliwa.

Mkutano mkuu utafanyika uwanjani Jumapili ya kwanza ya Agosti, saa nane mchana. Kila mzazi aje na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, kila mchezaji aje na kitambulisho alichonacho, na kila mwanachama aje na ada anayodaiwa. Daftari jipya limeshanunuliwa, na mhazini atakuwa mezani tangu saa saba kupokea majina.

Wenu katika michezo,

Katibu, kwa niaba ya kamati
Mpitimbi, Songea
Julai 2025